Kikohozi cha Nguruwe wa Cirunga

Tangu nilipokabidhi funguo za ofisi ya mifugo hapa Bukavu, vijana wa idara wamekuwa wakija nyumbani mmoja mmoja na swali lile lile: "Maman Nabintu, zamani mulifanyaka je bila simu, bila dawa, na gari yenyewe haina mafuta?" Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka kujirudia, basi sasa naandika. Mambo ya vyeo hamtayaona hapa. Yamo ndani ya faili langu, na panya wa ofisi wanayajua kuliko mimi. Nitaandika juu ya mapafu ya nguruwe, maana ndicho kiungo nilichokipasua mara nyingi kuliko vyote, na ndicho kilichonipa furaha kubwa kuliko zote za kazini.

Nilianza kazi miaka ile nchi ilipokuwa imeshapewa jina la Zaïre, na sisi tuliobatizwa tukaambiwa tuyaache majina ya watakatifu. Niliingia ofisini na diploma ya shule ya mifugo, kitenge kipya, na jina la Citoyenne Nabintu, yaani Mwananchi Nabintu, ambalo bado lilikuwa linanikwaruza masikioni. Nilikuwa mwanamke peke yangu. Mkuu wa idara, Docteur Ilunga, alikuwa mtu wa Lubumbashi, mrefu, na abakosti yake, ile suti ya wakati ule isiyovaliwa tai, haikuwa na kunyanzi hata siku za matope. Aliniuliza kama naogopa damu. Nikamjibu kwamba mimi ni mtoto wa kwanza nyumbani, na kila Noeli baba alinipa mimi kazi ya kushika miguu ya nguruwe.

Alicheka. "Basi utaanzia ku abattoir. Kule kuko Papa Mugisho. Akisema unafaa, utabakia."

Papa Mugisho alikuwa mkaguzi wa nyama machinjioni. Mfupi, mkimya, na buti za mpira alizoziba matundu kwa viraka vya baiskeli. Siku yangu ya kwanza hakuniuliza jina. Aliniwekea mapafu ya nguruwe mikononi, bado ya moto, akasema, "Funga macho."

Nikafunga.

"Iko namna gani?"

"Laini, Papa."

"Laini kama nini?"

"Kama mukate ya asubui."

"Ile njo nzuri. Sasa peleka vidole kule nyuma, ku mwisho kabisa."

Nilipeleka. Huko nyuma, kwenye ukingo mwembamba wa pafu, vidole viligusa sehemu ngumu kidogo, kama mkate uliolala. Akaniambia nifungue macho nikate pale pale, kisha niminye. Kutoka kwenye vijibomba vya hewa vilivyokatwa vikachomoza vitu vyeupe, vyembamba kama uzi wa kushonea, vimesokotana ndani ya kamasi. Vilikuwa vinajipindapinda. Shuleni mwalimu aliwachora minyoo hao wa mapafu ubaoni wakiwa wanene kama nyoka, maana alitaka tuliokaa nyuma nao tuwaone. Nisingewatambua.

"Batu wengi wakikata pafu banaanzia katikati, sababu katikati ni kubwa," alisema Papa Mugisho. "Hii munyoo inapenda mwisho. Wewe uanzie nyuma."

Kisha akanichukua nyuma ya machinjio, akapiga jembe mara moja kwenye udongo mweusi wa kando ya mfereji. Nyungunyungu wakatoka, wale minyoo wekundu wa ardhini ambao kila mtoto anawajua kwa kuvulia samaki ziwani. Akanieleza kwa ufupi, na mpaka leo sijapata maelezo mazuri zaidi ya yale: nguruwe mgonjwa anakohoa, anameza makohozi yake, mayai ya minyoo yanatoka na kinyesi. Nyungunyungu anakula kile kinyesi. Nguruwe mzima anafukua udongo kwa pua, anamla nyungunyungu. Basi, minyoo imepata nyumba mpya. Nguruwe hawaambukizani kwa kupuliziana. Wanaambukizwa na udongo.

Nilibaki. Papa Mugisho alinifundisha kunoa visu viwili kabla ya kushika kimoja, na kufunga kamba na kibanio cha nguo kwenye termometa, ili ukimpima nguruwe nyuma akakurupuka, termometa ibaki naye lakini isipotee. Mimi nilipuuza kamba mara moja tu. Termometa ile ilikwenda na nguruwe wa Bunyakiri na hatukuonana tena, wala na nguruwe mwenyewe. Miaka iliyofuata nilitembea sana: ng'ombe wa uwanda kule Luberizi, mbuzi wa Minova, kuku wa masista. Nilijifunza kulala kwenye magunia ya mihogo juu ya lori, na kujibu bila kukasirika kila nilipoulizwa, "Na docteur mwenyewe atafika saa ngapi?"

Halafu ukaja mwaka wa mvua nyingi, mwaka wa Cirunga.

Cirunga ni kilima kimoja cha juu, njia ya kutwa nzima kutoka Bukavu, ukihesabu lori na miguu. Mwaka ule homa ya nguruwe ilikuwa imepita sehemu nyingine na kuacha mabanda matupu. Ninyi mnaijua: haina dawa, inaua mkubwa na mdogo, na kinachoizuia ni kuua na kuchoma wote waliobaki. Kwa hiyo habari ilipofika kwamba nguruwe wa Cirunga wanakohoa na kufa, wakubwa wa zone, yaani wilaya ya kule, hawakungoja. Walifunga njia, wakakataza nyama isishuke mjini, wakatoa amri nguruwe wote wa kilima wachomwe kabla ya Noeli. Noeli serikali ilikuwa imeifuta kwenye kalenda, lakini haikuweza kuifuta kwenye vyungu vya watu, na wote walijua tarehe.

Docteur Ilunga aliniita. Hakuniambia niketi, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama.

"Kama iko homa, miye mwenyewe nitasimamia ule moto," alisema. "Lakini kama haiko homa, siwezi kuacha baue hata moja. Nenda, Nabintu. Uniletee kweli, hata kama iko mubaya."

Nilipanda lori la ndizi, kisha nikatembea. Cirunga kulikuwa kimya, na kwenye mgongo wa kilima nilimkuta mwanamke mmoja amesimama mbele ya banda lake, jembe mkononi, miguu ameipanua kama mlinda mlango wa timu. Huyo alikuwa Maman M'Rugenge. Baadaye nilijua habari yake. Mumewe alipofariki, kitu pekee alichobaki nacho ni nguruwe jike mmoja. Nguruwe huyo alipozaa, Maman aligawa vitoto kwa wanawake wenzake, kila mmoja akiahidi kugawa vilevile. Ndiyo maana karibu nguruwe wote wa kilima walikuwa wajukuu wa yule mmoja, na mabinti wengi wa Cirunga walikuwa wanakaa darasani kwa karo iliyotoka kwa nguruwe hao.

"Wewe njo wa kuua ama wa kuponyesha?" aliniuliza.

"Mi ni wa kuangalia kwanza, Maman."

"Kuangalia nini? Jana banaume ya zone balikuya kuangalia. Balisimama kule mbali, bakafunga pua, bakaandika."

"Mimi nitaingia ndani."

Alinitazama kutoka kitambaa cha kichwa mpaka buti, akashusha jembe. "Ingia basi. Lakini ukilia juu ya matope, mi siko."

Niliingia, na nikaomba wanawake wengine wa kilima nao walete nguruwe wao. Nilipiga makofi kuwafukuza kidogo. Wakubwa walikimbia wakigombana, wanene, masikio yao ya rangi ya kawaida. Wadogo walikimbia hatua chache, wakasimama, migongo wameikunja, vichwa chini, wakakohoa mfululizo mpaka mate yakawatoka. Mbavu zao zilihesabika. Nikatoa termometa, safari hii kamba ikiwa imefungwa barabara, nikapima mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyekuwa na homa. Nikaanza kutumaini, maana homa ya nguruwe haimwachi mama mnene akaua watoto wake wembamba tu.

Asubuhi ile ile kitoto kimoja cha Maman M'Rugenge kilikuwa kimekufa. Nilimwomba anipe nikipasue. Alisita, kisha akakiweka mwenyewe juu ya majani ya mgomba. Wanawake wakazunguka. Nilitoa kwanza wengu, maana kwenye homa ile wengu huvimba na kuwa mweusi. Huu ulikuwa mdogo, safi. Figo hazikuwa na alama za damu. Ndipo nikachukua pafu, nikaenda nyuma, kwenye ukingo, nikakata, nikaminya.

Nyuzi nyeupe zikatoka. Nyingi mno, zimeziba bomba la hewa kama pamba.

"Mungu wangu," alisema Maman M'Rugenge. "Mutoto alikuwa napumua na hii ndani?"

"Ndiyo, Maman. Hii haiko homa. Ni minyoo. Na hii iko na dawa."

Wanawake hawakushangilia. Mmoja alianza kulia, na mwingine akamkalia karibu. Mimi pia nilitaka kulia, lakini nilikuwa nimeonywa juu ya matope.

Docteur Ilunga alifurahi nilipomrudishia habari, kisha akanikazia macho. "Pafu moja si kilima kizima. Zone batasema: ule moja alikuwa na minyoo, bale wengine biko na homa. Tunahitaji mayai ya minyoo ku kila nguruwe yenye kukohoa." Nilikuwa nimelitarajia hilo. Nilikuwa nimeteremka na vinyesi vya mabanda yote, kila kimoja kimefungwa kwenye jani lake la mgomba, na abiria wenzangu wa lori walikuwa wameniachia nafasi kubwa.

Tulifanya kama tulivyozoea. Unakoroga kinyesi kwenye maji ya chumvi, unachuja, unangoja, na mayai yanapanda juu kwa kuwa ni mepesi kuliko yale maji. Unagusisha kioo kidogo juu, unakiweka chini ya mikroskopu. Niliona mayai ya minyoo ya tumbo, ya kila siku. Ya mapafu, hakuna. Kinyesi cha pili, hakuna. Cha tatu, hakuna. Nilipofika nusu, nikamwita Docteur. Bila mayai, kilima kingechomwa huku mimi nikijua kabisa kwamba si homa.

Docteur alikaa kwenye kiti changu, akaangalia mwenyewe. Halafu akajipiga kofi la paja.

"Chumvi!" alisema. "Mayai ya hii munyoo iko mazito! Professeur wetu alitupigiaka kelele juu ya hii. Ku maji ya chumvi inabaki chini. Inahitaji maji mazito zaidi."

"Mazito ya nini, Docteur?"

Alikwenda ofisini kwake, akafungua droo, akarudi na pakiti ya sukari. Miaka ile sukari ilitengenezwa pale pale chini uwandani, na bado ilikuwa shida kuipata mjini. Pakiti ile alikuwa akiificha hata wageni wa kutoka Kinshasa. Aliimimina yote kwenye sufuria bila kuitazama, kama mtu anayemwaga maji. Tulipika shira nzito kwenye jiko la mkaa, tukaipooza, tukaanza upya. Umeme ulikuwa umekatika, basi nikageuza kioo cha mikroskopu kielekee dirishani, upande wa ziwa kunakotoka mwanga mzuri.

Yalikuwepo. Madogo, ganda nene lenye mikwaruzo, na ndani ya kila yai kitoto cha mnyoo kimejikunja kabisa.

"Docteur, kuya!"

Aliinama akaangalia. Yule mtu wa abakosti isiyo na kunyanzi alipiga kelele iliyosikika barabarani. "Angalia kamutoto! Kamelala ndani kama ku hoteli!" Tulipima vinyesi vyote. Kila nguruwe aliyekohoa alikuwa nayo. Kwa wiki nzima idara ilikunywa chai chungu, na hakuna aliyelalamika mbele yangu.

Docteur Ilunga alikwenda mwenyewe kwa Commissaire, mkuu wa zone. Alirudi na jibu ambalo hakulipenda. Commissaire hakutaka kusikia habari za mayai yanayoonekana kwa mashine tu. Alisema hivi: atapanda Cirunga mwenyewe juma la mwisho kabla ya Noeli, na majandarme, askari wake. Akisikia nguruwe mmoja anakohoa, wote watachomwa siku hiyo.

Dawa ya minyoo tuliyokuwa nayo Bukavu isingetosha hata banda moja. Nyingi ilikuwa Luberizi, kwenye ghala letu la ng'ombe. Niliteremka ule mteremko wa kuelekea uwandani, juu ya lori lililokuwa na breki za imani, na mwenzetu wa pale, aliposikia habari, alinikabidhi mitungi yote akasema ng'ombe wake watavumilia mpaka shehena ijayo. Nikapanda tena.

Kumpa nguruwe dawa kunataka ujue uzito wake. Tuliazima mizani ya kahawa ya parokia, tukaitundika kwenye mti wa mkaratusi, tukawapima wadogo ndani ya gunia, wakipiga kelele za kuitia aibu kwaya. Wakubwa niliwazungushia kamba kifuani nikakisia. Maman M'Rugenge alishika kichwa, mimi nikatia dawa mdomoni pembeni, taratibu, isiende mapafuni. Kilima kizima tulikimaliza bila kupumzika.

Na kesho yake kikohozi kikazidi.

Hili mlikumbuke, vijana. Minyoo inapokufa, lazima itoke, na inatoka kwa kukoholewa. Mimi nilijua kwa kusoma tu, sikuwa nimeliona kwa macho. Kilima kizima kilikuwa kinakohoa, huku na kule, bonde linaitikia. Vitoto vichache vilivyokuwa vimekonda mno havikuvumilia, vikafa. Maman M'Rugenge alinijia amebeba kimoja.

"Nabintu, uliniletea dawa ama sumu?"

"Dawa, Maman."

"Commissaire akifika leo, tumekwisha."

"Hafiki leo. Kuya tuangalie pamoja."

Tulichuchumaa bandani, tukafunua majani waliyolalia. Kwenye makohozi, tulizikuta: nyuzi nyeupe, zimelegea, hazijipindi tena. Alichukua kijiti akazigeuza, moja, nyingine, akazigusa kwa kucha.

"Imekufa," alisema.

"Imekufa yote."

Alikaa chini kabisa, kwenye matope, akacheka kwa sauti ndogo. Siku zilizofuata kikohozi kilipungua banda kwa banda, na wanawake wakawa wanapitiana asubuhi kuulizana, "Kwako wanalala vizuri?"

Kilichobaki ni udongo. Wanawake wa Cirunga walikuwa wamewafunga nguruwe ndani ya migomba, mahali walipotupa samadi na maganda, na udongo ule ulikuwa mweusi, mnono, fahari yao. Nilipiga jembe mara moja. Nyungunyungu walikuwa wengi kama maharage chunguni. Sikuhitaji kuhubiri.

"Basi tuwatoshe chini," alisema Maman M'Rugenge papo hapo. "Tuwajengee yulu."

Mabanda ya juu, sakafu ya miti na mianzi, kinyesi kinadondoka chini na kukaa mbali na pua. Wanaume walicheka kwanza. Mmoja alisema nguruwe wa mke wake sasa wana kitanda kizuri kuliko chake. Lakini Jumamosi ilikuwa siku ya Salongo, kazi ya lazima ya serikali, ambayo kwa kawaida watu walifanya kwa kukaa juu ya mpini wa jembe. Maman M'Rugenge alikwenda kwa chifu akamwomba Salongo iwe ya mabanda. Chifu alikubali haraka, nadhani kwa sababu yeye pia alikuwa na nguruwe. Ndiyo Salongo ya kwanza niliyoona watu wakifika kabla ya kuitwa.

Commissaire alifika siku aliyosema. Alikuja na majandarme wenye bunduki, na mmoja wao alibeba dumu la petroli begani, likionekana kutoka mbali. Docteur Ilunga naye alikuwa amepanda kwa Land Rover ya idara, iliyofika Cirunga kwa matone ya mwisho na kuzimika mbele ya kanisa. Kilima kizima kilikuwa kimetoka.

Commissaire alipita banda kwa banda. Alisimama, akasikiliza, akaendelea. Nguruwe walikuwa wameshiba, wamelala. Alipomaliza la mwisho akanigeukia.

"Citoyenne, nguruwe yenye kulala haiwezi kukohoa. Munanichezesha?"

Alikuwa na haki, na mimi nilijua kuliko yeye. Kikohozi kile hujificha mnyama akipumzika na hutoka akikimbia. Nilimtazama Docteur. Hakunionyesha ishara yoyote. Aliniachia.

"Ni kweli, Citoyen Commissaire," nilisema. "Basi tuwakimbize. Kutoka mabanda ya kule chini ya mulima mpaka ku kanisa yulu, mulima yote. Kama kungali munyoo ndani, watakohoa mbele ya mulango ya kanisa, na kila mutu atasikia."

Nilisikia wanawake wakivuta pumzi nyuma yangu. Maman M'Rugenge alinisogelea akaniuliza chini chini, "Unajua kile unasema?"

"Minajua."

"Basi mi nafungua."

Alifungua milango ya mabanda yote ya chini ya kilima, wanawake wakashika fimbo, na wale nguruwe wadogo wakatoka. Walikimbia kama wametumwa. Walipanda kile kilima masikio yanapigapiga, wakipita kati ya miguu ya majandarme, wakimkwepa chifu, wanawake nyuma yao na vitenge wamevipandisha magotini. Walifika kanisani, wakasimama kwenye uwanja, mbavu zinapanda na kushuka. Mbavu zenye nyama.

Commissaire aliinua mkono. Watu wote tukanyamaza. Nilisikia maji ya mvua yakidondoka kutoka kwenye bati la kanisa. Nilisikia nguruwe wanahema, hema ya kawaida, ya mnyama aliyekimbia.

Ndipo mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kirefu, kizito, cha kutoka chini kabisa. Vichwa vyote viligeuka. Yule jandarme wa petroli alikuwa ameinama, mkono kifuani, sigara inafuka moshi kwenye vidole.

"Limbisa, chef," alisema kwa Lingala, machozi yakimtoka. Alikuwa anaomba radhi. "Eza likaya." Ni tumbaku tu.

Maman M'Rugenge hakungoja. "Nabintu!" alipaza sauti. "Ule naye apimwe ku mizani, apewe dawa!"

Kilima kilipasuka. Watu walicheka mpaka wakashikana. Majandarme wenzake walimcheka kuliko wote. Commissaire alijaribu kushika uso wake wa serikali, akageukia ukuta wa kanisa, lakini mabega yalimsaliti. Alipogeuka alikuwa anapangusa macho. Akasema amri imekwisha, njia ifunguliwe, na nyama ya Cirunga iteremke mjini siku hiyo hiyo kama watu wanataka. Vigelegele vilianza kabla hajamaliza. Wanawake walimbeba Maman M'Rugenge, wakanibeba na mimi, na buti moja likanitoka likabaki matopeni.

Docteur Ilunga alingoja kelele zipungue kidogo, akamwendea Commissaire kwa heshima zote. "Citoyen Commissaire, ile petroli sasa haina kazi. Gari yetu imekauka."

Commissaire aliliangalia dumu, akaiangalia Land Rover. "Chukua," alisema. "Na utoke mbele yangu mbio, kabla sijabadilisha mawazo."

Hivyo tukateremka kwa petroli iliyoletwa kuchoma nguruwe. Maman M'Rugenge alikaa mbele kati yetu, maana alikuwa na nguruwe wawili nyuma wa kuuza Kadutu, na pembeni ya kila kijiji Docteur alipiga honi. Sikuwahi kumwona hivyo. Abakosti yake ilikuwa na alama za pua za nguruwe kutoka kiunoni mpaka gotini. Tulipoingia mjini hakupinda kuelekea ofisini. Alipita katikati ya soko la Kadutu, honi haikatiki, taa zinawaka mchana, na wauzaji wakasimama kwenye meza zao, wakidhani ni msafara wa arusi.

"Bibi-arusi iko wapi?" mama mmoja wa nyanya alipiga kelele.

Nilisimama kwenye kile kiti, buti moja mguuni, nywele zina majani ya mgomba, nanuka kilima kizima, nikatoa nusu ya mwili nje ya dirisha.

"Ni miye!" nikamjibu. "Na Noeli hii mutakula nguruwe!"